Macho Hayana Kiingilio

Watu wa Temeke tulimwita Bi Ukumbi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, nalo lilikuwa zuri, lakini wanawake wengi wa pwani wanalo. Bi Ukumbi alikuwa mmoja tu. Ukisema umetumwa na Bi Ukumbi, hata mwenye duka aliyeamka amenuna alikusikiliza mpaka mwisho.

Kazi yake ilikuwa kushika funguo za ukumbi wetu, kuufagia, na kuwaambia watu mambo yaliyokuwa yanakuja. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa mabati na sakafu ya saruji, jukwaa la mbao upande mmoja, na ubavuni chumba kirefu chenye madirisha mawili. Baada ya Uhuru walikuja wakubwa kutoka mjini wakapigilia kibao mlangoni: Ukumbi wa Maendeleo na Makumbusho ya Sanaa. Maendeleo ndiyo ule ukumbi mkubwa tulimokuwa tunapiga muziki. Makumbusho ya sanaa ndiyo kile chumba cha ubavuni. Ilikuwa kama kumvika mtoto mchanga kanzu ya babu yake, lakini Bi Ukumbi aliiamini kanzu ile, na alikuwa anangoja mtoto akue.

Mimi nilikuwa mpuliza tarumbeta katika bendi iliyopiga pale kila Jumamosi. Ndivyo tulivyojuana, na kwa miaka mingi tukagombana vizuri bila kununiana hata siku moja.

Kila Alhamisi asubuhi alijifunga kanga kiunoni, akachukua debe tupu la mafuta ya taa na mwiko wa kusongea ugali, akatoka. Alianzia Mtoni, akapita Chang'ombe, akamalizia Keko, na kila penye njia panda alisimama akapiga debe na kutangaza kwa sauti ambayo hata mafundi seremala wa Keko waliweka randa chini kuisikiliza: "Ijumaa sinema. Jumamosi dansi. Jumapili macho."

Hiyo Jumapili macho ilikuwa ni maonyesho ya picha na vinyago. Zamani alikuwa akisema maonyesho, kama alivyofundishwa, lakini kwetu neno hilo lilikuwa na maana yake. Maonyesho ni Sabasaba: ng'ombe wa maziwa, mahindi makubwa, na trekta linalonguruma. Mzee mmoja wa Mtoni alikuja na wajukuu wake amewavalisha nguo za sikukuu, akawazungusha chumba kizima, akatoka akamuuliza Bi Ukumbi kwa adabu kama trekta liko uani. Kuanzia wiki ile Bi Ukumbi akalitupa neno la watu wa mjini, akatia lake. Ukimuuliza macho ya nini, alikujibu, "Ya kwako mwenyewe. Njoo nayo. Macho hayana kiingilio."

Sasa lazima niseme kuhusu uongo wake, maana ukimweleza Bi Ukumbi bila uongo wake umemweleza nusu. Sinema ya Ijumaa ililetwa na gari la serikali, na dereva wa gari lile hakuwahi kujua amebeba filamu gani mpaka aitie kwenye mashine. Kwa hiyo Alhamisi Bi Ukumbi hakuwa na habari yoyote ya kutangaza, na yeye hakuwa mtu wa kutangaza bila habari. Alitunga. Alisimama pale njia panda akasimulia kuhusu mwanamke aliyeolewa na mume asiyeonekana, anayekula wali ukaisha kwenye sahani huku kiti kitupu. Wanawake waliacha sufuria motoni. Alifika mahali pale ambapo mke anataka kumwaga unga sakafuni aone nyayo za mumewe, akanyamaza, akasema, "Mengine kesho."

Kesho yake ukumbi unajaa pomoni, mashine inawashwa, na tunaona wadudu wa pamba na namna ya kuwapulizia dawa. Watu walilalamika. Bi Ukumbi alisimama mlangoni akiwapokea walalamikaji mmoja mmoja, na wote aliwauliza swali lilelile: kwani ya kwake haikuwa nzuri? Ilibidi wakubali kwamba ilikuwa nzuri. Ilifika wakati kuna watu waliokuwa hawaji sinema ya Ijumaa kabisa lakini hawakosi Alhamisi njia panda, na nilikuwa mmoja wao.

Alikuwa mtu wa sala tano. Jua likishuka alitupandia jukwaani katikati ya mazoezi akaweka kiganja chake juu ya ngoma, basi, bendi nzima ikanyamaza mpaka adhana iishe. Hakuwahi kucheza dansi, na ukimwuliza atakwambia dansi si jambo la mtu mzima mwenye haya. Hata hivyo aliijua mitindo yote ya bendi zote za mji, na tukikosea alijua aliyekosea. Siku moja aliniita pembeni akaniambia tarumbeta langu linasema sana. "Linaulizwa nini?" akasema. "Likiulizwa ndiyo lijibu." Nilikasirika wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nikapuliza kidogo, nikangoja gitaa liniulize, na watu wakaja kunishika mkono baada ya dansi. Sikumwambia, lakini alijua, maana alinikaanga kwa macho yake ya kucheka hadi nikainamisha kichwa.

Mwezi wa Ramadhani dansi ilifungwa na sinema pia, kikabaki chumba cha picha peke yake. Huo ndio mwezi alioupenda kuliko yote. Alikuwa akikaa mle ndani mchana kutwa kwenye mkeka, tasbihi mkononi, akizitazama picha kama mtu anayetazama mtaa kutoka barazani kwake.

Alikuwa na namna yake ya kutundika. Niliwahi kupita jumba la makumbusho la mjini, kule picha zote zimetundikwa usawa wa macho ya mtu mrefu aliyesimama. Za Bi Ukumbi zilikuwa chini, karibu na sakafu, na mbele yake majamvi. Alisema mtu aliyesimama anakuwa na safari kichwani. Mkalishe kwanza, mpe nafasi ya miguu, ndipo atazame. Alizipanga kama wanavyopangwa wageni wa harusi, asikae mgomvi karibu na mgomvi wake. Niliwahi kumkuta amesimama kati ya picha mbili, moja ya soko na nyingine ya bahari, anazisuluhisha. Baadaye akaihamisha ya soko ukuta wa pili.

Wachoraji na wachongaji walimwogopa. Wengi walikuwa vijana, na wachongaji karibu wote walikuwa watu wa kusini, Wamakonde na Wamwera, waliokuwa wakichonga nyuma ya nyumba zao na kuuza mjini kwa wageni. Walikuwa na tabia ya kusimama karibu na kazi yao na kueleza. Bi Ukumbi aliwafukuza kwa fagio. Alisema mpishi hasimami juu ya mlaji akimwonyesha chumvi iko wapi. Kama ni nzuri ataisikia mwenyewe, kama si nzuri maneno hayataitia ladha.

Lakini watu hawakuja. Sitaki kuwasingizia watu wetu. Walikuwa wanatoka viwandani wamechoka, wana foleni za kupanga na watoto wa kulea, na Jumapili ndiyo siku pekee ya kufua. Picha ukutani ilikuwa jambo la watu wenye viti vya mito. Bi Ukumbi akavumbua hila. Jumamosi alifunga mlango mkubwa wa ukumbi kwa kufuli, akasema umeharibika, na mtu aliyetaka kuingia kwenye dansi ilibidi apite chumba cha picha mpaka mwisho, alikowekwa mkusanya viingilio. Ukaona vijana wamevaa suruali zao pana za bugaluu, nywele zimechanwa juu, wanapita mle mbiombio kama wanaopita makaburini. Mlango ule uliharibika miaka.

Sisi wa bendi tulipeleka malalamiko, na mimi ndiye niliyetumwa.

"Mama, watu wamekuja kucheza," nikamwambia.

"Na wacheze. Mie nimemzuia nani? Nimewapitisha tu."

Halafu akaniambia jambo lingine, kwa sauti ya chini, ambalo ndilo lililonifanya nimpende. Alisema sinema watu wanaijia kwa sababu ya uongo wake, na dansi wanaijia kwa sababu yetu. Chumba hiki wanapita kwa sababu amefunga mlango mwingine. Alitaka, kabla hajafa, amwone mtu mmoja amekuja mwenyewe kutazama, bila kuitwa, bila kudanganywa na bila kupitishwa. Nilitaka kucheka, nikaona kwamba hacheki, nikaacha. Kuanzia siku ile sikulalamika tena juu ya mlango.

Mambo yaliharibika ilipoanza taabu ya sukari. Duka la ushirika la mtaa wetu lilikuwa na ghala linalovuja, na mvua ya masika iliyeyusha magunia ya sukari na kugandisha unga. Katibu wa kamati ya ukumbi, ambaye pia alikuwa na dhamana ya duka, alikitaka chumba cha ubavuni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwembamba, mwenye watoto wengi, na kila alikopita watu walimwuliza sukari kana kwamba ameificha mfukoni. Kwenye mkutano alisema jambo ambalo hakuna aliyeweza kulipinga: chumba kikavu kuliko vyote Temeke kinalaza vinyago, na sukari ya wananchi inalala majini.

Bi Ukumbi akajibu kwamba vinyago navyo ni vya wananchi. Katibu akamwuliza wananchi hao wako wapi, mbona Jumapili chumba kitupu. Wakabishana mpaka wajumbe wakachoka, na mwisho wakapatana hivi: Jumapili baada ya wiki mbili kungekuwa na maonyesho peke yake, bila bendi na bila gari la sinema. Watu wakija wenyewe wakajaza chumba, chumba kitabaki cha picha. Wasipokuja, kitaingia sukari. Bi Ukumbi alikubali mbele ya wote.

Hajapata kutangaza kama alivyotangaza siku zile. Hakungoja Alhamisi, alitoka kila asubuhi. Hakusema uongo hata mmoja, jambo lililowashangaza watu. Alisema tu kutakuwa na picha, na vinyago, na mahali pa kukaa. Ilipofika Jumamosi sauti ilikuwa imekatika kabisa. Alifungua mdomo ikatoka pumzi tu.

Katika shughuli hiyo alikuwa ameambiwa na mtu wa mjini kwamba maonyesho ya heshima hufunguliwa: kazi zinafunikwa kwa kitambaa cheupe, mgeni anazifunua. Pia alitaka majamvi zaidi, na chakula, maana kwake huwezi kumwalika mtu Jumapili ukamwacha na njaa. Sasa, mwaka ule bafta nyeupe ilikuwa haipatikani. Mtaa mzima, mahali pekee penye shuka nyeupe nyingi, majamvi mengi na masufuria makubwa, ilikuwa ni kwenye chama cha kuzikana cha akina mama. Bi Ukumbi alikuwa mwanachama. Akaenda kwa mweka vifaa, akaongea kwa ishara, akapewa. Jumapili alfajiri vitu vyote vikapakiwa kwenye mkokoteni na kusukumwa mpaka ukumbini.

Mtu wa Temeke hakuhitaji kuambiwa mkokoteni ule ni wa nini. Tuliyajua majamvi yale kwa mapindo yake, tulikuwa tumekalia misiba yetu yote juu yake. Yakitoka, kuna mtu ameondoka. Yalipoonekana yanaelekea ukumbini, na debe halijasikika tangu jana, na mtu mwenyewe hajaonekana kisimani, jibu lilikuwa moja. Kabla jua halijapanda, habari ilikuwa imefika Keko nilikolala nimechoka na dansi ya usiku. Jirani alinigongea dirisha akaniambia Bi Ukumbi ametutoka.

Nililia. Nasema wazi, nililia njiani kama mtoto, nimevaa shati kinyume. Mbele yangu na nyuma yangu barabara ilikuwa imejaa watu. Wanawake wamejifunga kanga, wengine wana kuni kichwani na unga kwenye bakuli. Wanaume wamevaa kofia zao, na Wakristo waliokuwa wakienda misa wamegeuza njia na nguo zao za kanisani. Nilimwona katibu naye, amekunja suruali asichafuke kwa tope, machozi yanamtiririka.

Tulipofika, marehemu amesimama mlangoni.

Alikuwa amevaa kanga mpya, na alituona tunavyokuja kwa mamia, kimya, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Kwa dakika chache alidhani ameshinda. Kisha mwanamke wa kwanza alipomwona akapiga ukelele na kuangusha kuni, na wengine wakamrukia wakimpapasa mikono na uso, wakilia zaidi kuliko walivyolia njiani, na hapo akaelewa. Niliona alivyoelewa. Furaha ile ilishuka polepole, lakini aliwashika watu mikono, mmoja mmoja, akiwaonyesha waingie ndani wakae.

Basi alikuwepo muuza mkaa mmoja, Mnyamwezi, na Bi Ukumbi alikuwa Mzaramo, kwa hiyo walikuwa watani. Mtani ana kazi yake msibani na hawezi kuzuiwa. Alipoona hakuna maiti alijilaza kifudifudi kizingitini, watu wakashindwa kupita.

"Nimeacha magunia yangu wazi nije kumzika Mzaramo," akasema. "Naonyeshwa Mzaramo anatembea. Mie siondoki hapa mpaka azikwe mtu."

Watu wakacheka huku kamasi zinawatoka. Bi Ukumbi akainama akamnong'oneza sikioni, na yule mtani, kwa kuwa utani ulikuwa umemkolea, akaanza kutangaza kila alichonong'onezwa. Marehemu anasema vueni viatu. Marehemu anasema kaeni. Marehemu anasema hakuna kula kabla ya kutazama, na shuka zifunuliwe moja moja.

Tulikaa. Chumba kilijaa, uani kukajaa, wengine wakachungulia madirishani. Shuka ya kwanza ilipoondolewa tulitazama kama tulivyozoea kutazama mle ambamo shuka nyeupe inafunuliwa: kimya, bila haraka, kila mtu na moyo wake. Kilikuwa kinyago cha mzee anapuliza moto. Hakuna aliyeuliza ni cha nini. Tukatazama mpaka cha mwisho, ndipo tukala, maana unga na kuni za msiba hazirudishwi nyumbani. Mimi nilidhani ile ndiyo Jumapili nzuri kuliko zote nilizopata kuziona Temeke, na bado nadhani hivyo.

Kesho yake kamati ilikutana. Wajumbe wote walikuwa upande wake, na katibu, kwa haki yake, alisimama akasema ameshindwa na sukari atatafuta pengine pa kuiweka. Tulikuwa tumeanza kupiga makofi. Bi Ukumbi akainuka. Sauti ilikuwa imerudi kidogo, ya kukwaruza.

"Jamani, msimfanye katibu mjinga," akasema. "Tulipatana waje wenyewe kutazama. Wale walikuja kunizika mie, na nawashukuru sana. Wekeni sukari."

Akaweka ufunguo wa chumba mezani, akaondoka. Nilimfuata barabarani nikiwa na hasira. Nilimwambia alishinda, watu wote walimwona ameshinda. Akaniuliza, nikimwalika mtu harusini akaja akidhani ni msiba, nitasema amekuja harusini? Nikamkumbusha kwamba yeye huyuhuyu amedanganya mji mzima kila Alhamisi, leo uchamungu huu umetoka wapi.

"Uongo wa Alhamisi tunaujua sote," akasema. "Huu ningebaki nao peke yangu."

Sukari ikaingia. Nami sitakuwa mnafiki, niliinywa kwenye chai yangu na ilikuwa tamu, na watoto wa Temeke walipata uji wenye ladha masika ile. Katibu alimtangulizia Bi Ukumbi mgawo wake kila mara, naye akawa anarudi kupanga foleni mwishoni kama wengine.

Picha na vinyago alivisambaza nyumbani kwa watu. Hakumpa mtu zawadi, aliweka amana. Kila nyumba kitu kimoja, na sharti ni kitundikwe mahali mgeni anapokaa. Mimi alinipa picha ya mwanamke amesimama bombani, ametupa mgongo, ndoo yake tupu chini, kisigino kimoja kimetoka kwenye ndara. Mchoraji wake alikuwa kijana aliyeondoka kwenda kufanya kazi kwenye meli, hakurudi. Tangu hapo kila Jumapili Bi Ukumbi alikuwa na nyumba moja ya kwenda. Watu walimtania kwamba amekuwa mkaguzi wa mita. Aliingia, akaamkiwa, akakaa, akatazama, akanywa maji, akaondoka. Aliyekutwa ameifunika picha kwa kalenda aliondokewa nayo ikapelekwa kwa jirani yake. Mmoja alikuwa amegeuza ubao wa picha kuwa meza ya redio. Huyo hakuamkiwa mwaka mzima.

Kutangaza aliendelea, Ijumaa sinema na Jumamosi dansi, lakini la Jumapili hakulitaja tena. Alipofika hapo alipiga debe mara moja na kunyamaza, akahamia njia panda nyingine.

Miaka ikaenda. Meno yangu ya mbele yakatoka, na mpuliza tarumbeta asiye na meno ni mlinzi wa tarumbeta. Bendi ikavunjika, nikahamia Tandale, karibu na soko, mke wangu akauza maandazi barazani na mimi nikafundisha vijana noti kwa mdomo. Picha ya bombani ilikuja nasi, nikaitundika chini, karibu na sakafu, kama alivyotaka mwenyewe. Yeye nilisikia ameacha funguo na anakaa Buguruni kwa binti wa dada yake.

Jumapili moja mchana alibisha hodi. Alikuwa amezeeka hasa, miguu imevimba, na alipanda kizingiti changu kwa kushika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nilimwamkia, nikamshika, tukamkalisha kwenye mkeka mbele ya picha. Sukari ilikuwa imeadimika tena, kwa hiyo mke wangu alileta chai isiyo na sukari, na viazi vitamu. Tukazungumza habari za watu. Muuza mkaa ameshakufa, akaniambia, na yeye mwenyewe alikwenda kulala kizingitini kwa marehemu kama mtani anavyotakiwa, mpaka wana wa marehemu wakamtoa kwa kumpa soda. Kisha akaitazama picha muda mrefu.

"Anakuja mtu?" akaniuliza.

Nikaanza kumwambia kwamba wageni wote wanaisifu. Alinigeukia akanitazama kwa upole, na nikakumbuka ninayemdanganya ni nani, nikaishia katikati.

Hapo ikasikika hodi mlangoni. Alikuwa mama mmoja muuza mchicha wa pale sokoni, aliyezoea kupita kwetu Jumapili akishamaliza mboga zake. Siku zote nilidhani anakuja kupumzika na kupiga soga na mke wangu, na sikuwahi kushughulika naye. Alitua ungo wake mtupu nje, akavua ndara, akamwamkia Bi Ukumbi bila kumjua, na kukaa kwenye mkeka. Mke wangu akamwuliza kama atakunywa chai.

"Hapana, dada. Nimekuja kumtazama tu yule mama wa bombani."

Bi Ukumbi aliweka kikombe chake chini taratibu, ajabu kikombe hakikulia.

"Nani kakwambia kuna picha humu?" akauliza.

"Hakuna aliyeniambia, bibi. Niliiona siku moja nimeleta mchicha, mlango ulikuwa wazi." Alifikiri kidogo. "Sijui kwa nini, nikimtazama napumzika."

Bi Ukumbi alifungua mdomo, na mimi nilidhani ataeleza: chumba, debe, katibu, mkokoteni, yote. Machozi yalikuwa yananichuruzika na sikuyafuta. Lakini badala yake alishika miguu yake iliyovimba kwa mikono, akaivuta mmoja baada ya mwingine, akasogea ukingoni mwa mkeka ili yule mama aone vizuri.